Beba au Ununue Huko? Maswali ya Mabegi Wiki Hii

Barua za wiki hii karibu zote zinazunguka jambo moja: nijaze begi hapa Dar, au niende mwepesi nikanunue huko huko? Ningependa kuwajibu wote kwa sentensi moja, ila anayekwenda Makka na anayekwenda Guangzhou hawawezi kubeba begi la aina moja. Basi twende barua kwa barua.

Anti, shikamoo. Mwezi wa kumi na moja naenda London kwa mdogo wangu, amejifungua. Nitakaa mwezi mzima. Yeye ananiambia niende mikono mitupu, kwenye duka la nguo la Primark kila kitu kipo na bei ni rahisi. Mume wangu anasema nguo za baridi ninunue hapa hapa. Nimsikilize nani? (Mama wawili, Segerea)

Marahaba mama wawili. Kwenye koti msikilize mume, kwenye vilivyobaki msikilize mdogo wako.

Koti lako liko Karume, kwenye soko la mitumba. Mji huu hauna mtu wa kugombania koti zito la sufu. Wanunuzi wake ni vijana wa bodaboda wa alfajiri, na wafanyabiashara wanaopeleka Njombe na Makambako. Ndiyo maana koti ambalo London lingekumaliza mfuko, pale linaning'inia mpaka muuzaji analichoka. Tena huenda lilitoka huko huko: nguo nyingi wanazotoa Waingereza kama msaada, zisipouzika kwenye maduka yao ya hisani, hupangwa, hufungwa kwenye marobota na kusafirishwa nje, Afrika ikiwemo. Utakuwa unalirudisha kwao.

Chagua linaloshuka chini ya nyonga, lenye kofia, na lenye nafasi ya kuvaa sweta ndani. Vuta zipu juu na chini mara kadhaa. Geuza uangalie bitana, hasa kwapani na ndani ya mifuko, ndiko linakochanikia. Kisha mpelekee dobi kabla hujalifungia begini. Na siku ya safari usilitie kwenye begi kubwa, linakula nusu ya nafasi. Libebe mkononi. Watu wa Terminal 3 wanaokuona na koti la sufu kwenye joto la Dar wanajua unakokwenda.

Ila mtumba una mpaka. Nguo za ndani na soksi za mtumba Shirika la Viwango, TBS, lilishazipiga marufuku, hata ukiziona zimetandazwa barabarani. Fulana za kubana za kuvaa ndani, soksi nene, glovu na kofia nunua huko ukifika, vipya. Buti za mtumba pia ziache. Soli nyingi za plastiki laini zikikaa stoo miaka huoza kwa ndani bila kuonekana, na mvua ya kwanza ya London inakuacha na ngozi ya juu tu mguuni.

Novemba kule ni kama nyuzi 6 hadi 11, mvua nyepesi na upepo, na saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Siri ya kutoganda ni tabaka. Fulana ya kubana, sweta jepesi, kisha koti. Hewa inayonaswa kati ya nguo ndiyo inayokupa joto, kwa hiyo sweta moja nene mno haliwezi kazi ya nguo mbili nyepesi.

Halafu kumbuka unakwenda kulea. Muda mwingi utakuwa ndani, na nyumba zao zina joto la mitambo. Madera yako mawili matatu yabebe, utayavaa kila siku. Kanga beba doti za kutosha: za kumbeba mtoto, za kumfunga mzazi tumbo, za kujifuta, za kujifunika. Hizo Primark hawana. Nguo za mtoto usijihangaishe, mdogo wako ameshapewa hadi anakosa pa kuziweka.

Ukinunua nguo yako, saizi 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani, na kwa namba nyingi za Ulaya ni 40. Usikatae gauni kwa kuogopa namba. Na anayekuambia utarudishiwa kodi uwanja wa ndege, habari zake ni za zamani. England waliufuta utaratibu huo kwa watalii tangu 1 Januari 2021.

Anti, mimi ni kijana nina fremu Sinza. Oktoba naenda Guangzhou mara ya kwanza kuchukua mzigo wa nguo za kike. Naona ujinga kubeba nguo kwenda kwenye nguo. Niende na begi tupu? (Mdogo wako, Sinza)

Mdogo wangu, begi tupu ni wazo zuri, ila wewe mwenyewe usiende mtupu.

Nguo za kuvaa wiki nzima unaweza kuzifanya kilo nne: suruali mbili za kitambaa chepesi, fulana tano, shati moja la heshima, nguo za ndani, na raba ulizokwisha kuzizoea mguu. Jinzi iache nyumbani. Ni nzito, na ukiifua hotelini usiku asubuhi bado inachuruzika. Guangzhou Oktoba bado kuna joto, kwa hiyo koti hulihitaji. Ukienda Januari, hapo beba sweta.

Kwa nini usitegemee kununua za kwako? Kwanza, kwenye masoko ya jumla kama Shisanhang au yale ya karibu na stesheni ya treni, muuzaji hana muda wa kukuona unajaribu suruali. Wengi huuza kwa pakiti, na kipande kimoja hukipati, au unapewa kwa bei ya kukufukuza. Pili, saizi. XL ya soko la Kichina kwa mtu mwenye mwili wa kwetu inaweza kuishia mapajani. Hili ni muhimu kwako mara mbili, maana wateja wako wa Sinza wana nyonga.

Lebo za kule jifunze kuzisoma. Ukiona 165/88A, namba ya kwanza ni urefu wa mtu kwa sentimita, ya pili ni kifua, au kiuno kama ni suruali, na herufi ni umbo. Kabla hujaondoka mwombe fundi akupimie wateja wako watatu wa maumbo tofauti: kifua, kiuno, nyonga. Andika kwenye daftari, tia futi ya fundi mfukoni. Pale sokoni pima gauni lenyewe. Neno "Afrika saizi" la muuzaji halina kipimo.

Wengi huipanga safari iangukie maonyesho ya Canton Fair, ambayo yapo tangu 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia Aprili na kuanzia Oktoba. Kwa mtu wa nguo za fremu si lazima. Hoteli hupanda bei siku hizo, na mzigo wako uko kwenye masoko ya kawaida.

Kurudi, begi lako tupu litumie kwa sampuli, yaani kipande kimoja kimoja cha kila ulichoagiza. Mzigo ukifika Dar kwa meli au kwa kilo za ndege, utalinganisha na kile ulichokishika mwenyewe. Lakini usifungashe magauni 40 ya aina moja ukamwambia afisa wa forodha ni nguo zako. Nguo za msafiri zinajulikana: zimevaliwa na zinatofautiana. Bidhaa tamka kuwa bidhaa, ulipe, uende zako.

Binti yangu, assalaam alaykum. Inshallah naenda umra na kikundi. Vijana wangu wananishauri nguo zote, na ihramu, ziende kwenye begi kubwa ili mkononi niwe huru. Wengine wanasema ihramu zipo tele Jeddah. (Mzee wa Magomeni)

Wa alaykumu salaam, na shikamoo mzee wangu. Vijana wamekosea kwenye jambo ambalo halina nafasi ya kurudiwa njiani. Ukiwa unakwenda moja kwa moja Makka, ihramu huvaliwa na nia huwekwa kabla ya kupita miqati, yaani mpaka usiovukwa bila ihramu, na kwa abiria wa ndege miqati hupitwa angani. Ihramu ikiwa tumboni mwa ndege, au ukingoja ya Jeddah, umeshapita.

Kwa hiyo vipande viwili vyeupe visivyoshonwa, mkanda na ndala viwe kwenye begi la mkononi. Wengi hujifunga kabisa hapa Dar au kwenye uwanja wa kubadilisha ndege, kwa sababu choo cha ndege si mahali pa mzee kuhangaika na shuka. Kiongozi wa kikundi akuambie mapema mnapita njia gani, maana kama mnaanzia Madina habari ni nyingine. Ihramu nunua hapa, ujaribu kutembea nayo nyumbani. Ile nzito kama taulo haitelezi kiunoni, ila inachelewa kukauka. Sabuni beba isiyo na manukato.

Kanzu mbili zinatosha. Ya tatu utainunua huko, na sidhani kama kuna atakayekuzuia.

Anti, namsindikiza mama Chennai, atafanyiwa upasuaji wa goti. Tumeambiwa wiki nne. Yeye anapanga madera kumi na mbili. Naogopa kilo, naogopa pia kumkatalia. (Mwanao, Kigamboni)

Mwanangu, usimkatalie kwa hoja ya kilo. Mwambie habari za goti.

Siku chache baada ya upasuaji, mara nyingine kesho yake tu, atasimamishwa atembee na kifaa cha kushikilia. Dera refu linaloburuza litanasa kwenye miguu ya kifaa hicho, na kuanguka ndilo jambo ambalo hamtaki kulisikia. Daktari na mtu wa mazoezi nao watataka kuona goti kila mara. Madera manne kati ya yale kumi na mbili mpelekee fundi ayakate yaishie katikati ya muundi. Mengine yabaki yamsubiri.

Yaliyopungua mtayapata pale pale. Chennai ni mji wa joto, na kina mama wa kule nyumbani huvaa naiti za pamba, pana, zenye vifungo kifuani. Kwa mgonjwa ni nguo nzuri kuliko tunazobeba. Mtaa wa T. Nagar umejaa nguo, lakini nenda wewe peke yako. Msongamano wa pale si wa mtu mwenye goti jipya.

Viatu usitegemee kununua huko. Beba vya mpira usioteleza, vilivyofungwa nyuma, vipana kidogo kuliko kawaida yake kwa sababu mguu utavimba. Ndala hapana. Beba pia shali au kanga nzito, maana viyoyozi vya hospitali vina baridi yake, na wewe utalala kwenye kiti pembeni yake. Mkienda kati ya Oktoba na Desemba mtakuta mvua, Chennai hunyesha miezi hiyo, basi ongeza mwavuli. Na kama mngekuwa mnakwenda Delhi mwezi wa Januari jibu langu lingeanza na sweta. Wengi hudhani India yote ni joto.

Anti, nje naona suruali za kombati za mabaka kali sana. Nikinunua nikarudi nazo? (Mwana wa Mbagala)

Ziache dukani. Mavazi yanayofanana na ya jeshi hayaruhusiwi kwa raia hapa kwetu, na mwaka 2023 JWTZ walitoa siku 7 kwa wenye nayo kuyasalimisha. Kuna nchi nyingine zenye sheria kama hiyo, usivae hata kwenye ndege.

Shikamoo. Nilikwenda kikao Addis Ababa, begi likabaki njiani siku mbili. Nilihudhuria na fulana niliyosafiria. Je, nguo nilizolazimika kununua ningeweza kudai? (Afisa, Mbezi)

Marahaba. Ndiyo. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Montreal, na shirika la ndege linawajibika kwa begi lililochelewa, labda lithibitishe lilichukua kila hatua ya kuzuia. Usitoke uwanjani bila kuandikisha fomu yao ya begi, ile PIR, na nakala ubaki nayo. Nunua vya lazima kwa kiasi: shati, nguo za ndani, mswaki. Suti ya bei mbaya watabishana nayo. Tunza risiti, na madai yaandike ndani ya siku 21 tangu upokee begi.

Safari ijayo, nguo ya siku ya kwanza ya kikao iende na wewe juu. Mashirika mengi yanayopita Dar huruhusu kilo 7 mkononi. Shati moja, suruali, tai na viatu vya kazi vinaingia humo, na kompyuta inabaki na nafasi. Suti yako hasa, kama imeshonwa na fundi wako, usiitenganishe nawe. Koti la baridi mtu atakuuzia popote, bega lako analijua fundi wako tu.

Anti, mimi shida yangu si nguo. Kilo 46 nimepewa, na ndugu wa hapa na wa Manchester wamezimaliza: dagaa, unga, mchele wa Kyela, maziwa ya mgando. Nguo zangu zimebaki kitandani. (Dada wa Tegeta)

Dada, maziwa yatoe leo. Uingereza hairuhusu abiria kuingia na nyama wala maziwa kutoka huku, kwa hiyo hilo hata halihitaji kikao cha familia. Mfuko wowote uliofungwa ambao hukuufunga wewe, ufungue mbele ya aliyeuleta, au urudi naye.

Kisha weka nguo zako kwanza, upime, na kinachobaki ndicho cha ndugu. Mchele Manchester unauzwa. Dagaa wa mama yako, sawa, wapeleke, ila wafungwe mara mbili na wakae begi tofauti na koti. Mizani ndogo ya kuning'iniza begi utaipata Kariakoo. Pima sebuleni, ndugu wakiwepo.