Wanapigania wapi?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: shabiki ambaye hajawahi kuvaa glavu afanyeje ili alielewe pambano la MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, asiishie kushangilia tu? Mimi nasema aache kuzifukuza ngumi kwa macho. Ajiulize kila mara: sasa hivi wanapigania wapi, na nani ametaka pawe hapo?

Kwenye ndondi swali hilo halina uzito kama huu, maana wote wamesimama. Ndani ya kizimba cha MMA, kilichozungushiwa wavu, kuna kupigana kwa mbali, kwa mateke. Kuna karibu, kwa ngumi na viwiko. Kuna kubanana wavuni. Na kuna chini, ambako mmoja yuko juu na mwingine amelaliwa. Kila mpiganaji ana pahali pake, na muda wote anamvuta mwenzake huko.

Aliyenifungua macho ni Francis Ngannou, Mkameruni wa Batié aliyechimba mchanga tangu utotoni. Januari 2018 kule Boston, bingwa wa wakati huo, Mmarekani Stipe Miocic, alimbwaga tena na tena mpaka pumzi ikamkata, na majaji wote watatu wakampa Miocic ushindi wa alama 50-44. Wengi tukasema huyu ana nguvu tu. Waliporudiana Machi 2021, Miocic akaivamia miguu kama zamani. Ngannou akairusha miguu yake nyuma, akamlalia kwa uzito wote, kisha akazunguka mgongoni na kuanza kumpiga. Raundi ya pili Miocic akaanguka kwa ngumi, na ngumi hiyo ndiyo watu wanayoikumbuka. Kwangu, kazi ilikwisha pale Miocic alipozuiwa kumpeleka mwenzake chini. Baada ya hapo alibaki amesimama mbele ya mikono ile, hana pa kwenda.

Pambano la kujifunzia hasa ni la Januari 22, 2022, Anaheim, California. Kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi, chai iko mezani. Ngannou, sasa yeye ndiye bingwa mwenye mkanda, alikutana na Ciryl Gane, Mfaransa ambaye hakuwa amepoteza hata pambano moja, na kwenye kona ya Gane alikuwepo Fernand Lopez, aliyemfundisha Ngannou mwenyewe alipokuwa Paris. Raundi mbili za kwanza Gane alikaa mbali: teke, hatua, ameshaondoka. Ngannou, na lile goti aliloumia mazoezini, akawa anapiga hewa. Mdogo wangu akasema, "Kaka, mkanda umeenda huo." Raundi ya tatu Gane akatupa teke jingine, Ngannou akalidaka, akamnyanyua, akambwaga chini puu! Kuanzia hapo mpiga ngumi mzito kuliko wote akawa mtu wa mieleka. Alikuwa amehamisha pambano.

Kwa hesabu yangu waliingia raundi ya tano wakiwa mbili kwa mbili. Gane akafanikiwa kumwangusha Ngannou. Yuko juu, na mkanda unanukia. Akaiachia nafasi ile ili aukamate mguu, akitaka kumpinda kisigino. Ngannou akajinasua, akageuka, yeye ndiye akawa juu, na raundi ikaishia hapo. Majaji wakatoa 48-47, 48-47 na 49-46, zote za Ngannou.

Kwa hiyo lirudie pambano, na mara ya pili zima sauti. Watangazaji wakipandwa na mori, nawe unapandwa nao, na teke lililogonga mkono unalihesabu kama limefika mbavuni. Tazama nyonga na miguu. Mtu anayetaka kuingia miguuni hujishusha kabla ya mikono kusogea. Andika alama zako raundi ikiisha tu, kabla hujasikia za mtu mwingine. Majaji huanza na madhara ya mapigo na ya mieleka. Kusonga mbele na kukitawala kizimba huangaliwa pale tu hayo yakilingana, kwa hiyo mtu anaweza kuwa anarudi nyuma raundi nzima na akaishinda. Vile vipande vifupi vya kwenye simu havisaidii, vinakuonyesha mwisho bila safari.

Lile la Anaheim bado ninalo. Kila nikifika raundi ya tano nalisimamisha pale Gane anapoachia kifua cha mwenzake na mkono wake kuanza kukifuata kisigino. Halafu namwita mdogo wangu aje aone tena.