Swali la lugha: Albamu inaweza kukaidi lebo?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandika uhakiki wa Aerial Boundaries, albamu ya Mmarekani Michael Hedges iliyotoka mwaka 1984. Nimeanza hivi: "Albamu hili linakaidi lebo zote za muziki. Hedges anacheza wimbo kwa vidole vyake kwenye gitaa la akustika." Rafiki yangu kasoma, kacheka, kasema hicho ni Kizungu kilichovalishwa kanzu. Kasoro iko wapi?

JIBU: Marahaba. Rafiki yako hajakosea, ila angemalizia kazi badala ya kukuacha njiani.

Nianze na lebo, maana ndipo palipochekesha. Kwa anayefuatilia bongo fleva, lebo ni kampuni: fulani kasainiwa na lebo, fulani kajitoa kwenye lebo. Kwa hiyo sentensi yako inasomeka kama habari ya msanii aliyekorofishana na waliomtolea kazi. Waliomtolea Hedges ni Windham Hill, kampuni ya California iliyoanzishwa mwaka 1976, na mwanzilishi wake, William Ackerman, mwenyewe alikuwa mpiga gitaa. Kampuni hiyo ilijulikana kwa muziki mpole, ule wa kutuliza mawazo, basi Hedges naye akawekwa dukani kwenye rafu hiyohiyo pamoja na fujo zake zote. Alijibu kwa kuupa muziki wake majina ya utani, mojawapo likiwa na maana ya akustika ya fujo.

Kucheza. Kwa Kiswahili chombo cha muziki hupigwa: ngoma, kinanda, zeze, hata zumari na tarumbeta ambazo kwa kweli hupulizwa. Anayecheza ni yule aliyeinuka kitini. Najua "kucheza gitaa" kumeenea siku hizi, hasa kwa vijana waliojifunza gitaa kwa video za intaneti. Mimi bado kunanikwaruza sikio. Ukitaka kusifu ufundi, tuna kucharaza na kukung'uta, maneno yanayotumiwa na watangazaji na wapenzi wa dansi kila siku.

"Kwa vidole vyake" nako hakutoshi. Nani anapiga gitaa kwa viwiko? Unachotaka kusema ni kwamba hatumii kile kiplastiki cha kukwangulia nyuzi, na kwamba kila kidole kina kazi yake. Wasomaji wetu wanaujua upigaji huo tangu enzi za Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952: dole gumba linashika besi, kidole cha shahada kinatembea na sauti ya juu, nawe unaapa kuwa wako wawili. Hedges alikwenda mbali zaidi. Katika kipande kilichobeba jina la albamu, mikono yote miwili iko shingoni mwa gitaa. Wa kushoto unagonga nyuzi na kuzinyofoa, wa kulia unazigonga kutoka juu. Andika hivyo hivyo: anadonoa, anagonga, ananyofoa. Vitenzi hivi vinamweleza kuliko sifa yoyote.

Nimesema kipande makusudi. Wimbo huimbwa, na katika albamu hii haimbi mtu. Hata wimbo wa mwimbaji Neil Young, After the Gold Rush, umepigwa bila mwimbaji, besi ya Michael Manring ikibeba sauti. Wana taarabu wa Unguja wana neno lao la muziki usio na maneno, bashrafu, lakini usimvishe Hedges joho hilo. Kipande kinatosha.

Sasa kiini cha swali lako, muziki usiokubali kupangwa. Wengi wangekimbilia "aina" au "utanzu". Utanzu uwaachie walimu wa fasihi. Mimi ningechukua "mtindo", kwa sababu katika muziki wa dansi wa Tanzania mtindo haukuwa rafu ya dukani. Ulikuwa mali ya bendi, bendi yenyewe ikauzua na kuupa jina: Western Jazz na Saboso, Mlimani Park na Sikinde, Maquis na Ogelea Piga Mbizi. Bendi zote hizo zilipiga dansi, lakini hakuna aliyeuliza Sikinde iko kundi gani. Sikinde ilikuwa Sikinde. Kwa hiyo Kiswahili hakihitaji ukaidi wala upinzani ili kumweleza mtu kama Hedges. Kinasema tu ana mtindo wake. Na ukitaka kuonyesha alichochota huku na kule, tumia mahadhi: kipande kimoja kinaweza kuwa na mahadhi mawili matatu bila kuwa mali ya yeyote.

Yaliyobaki ni madogo. Albamu ni hii na hizi, si hili. Gitaa ni hili, magitaa haya; "gita" utaliona pia, chagua moja ushikamane nalo. Gitaa la akustika si kosa, lakini wanamuziki wenyewe husema gitaa kavu, nami nawafuata.

Ningeandika: "Michael Hedges ana mtindo wake. Katika albamu hii gitaa kavu linagongwa, linadonolewa na kunyofolewa nyuzi, na ukidhani umeyatambua mahadhi, yamekwishageuka." Ukiona "yamekwishageuka" ni refu mno, andika "yameshageuka".