Kutoka fundi wa bodaboda hadi fundi wa pikipiki za mashindano Ulaya: jibu langu kwa kijana wa Morogoro

Mdogo wangu, nimesoma swali lako nikaona haliwezi kujibiwa kwa mistari miwili. Umesema umemaliza VETA, unatengeneza Boxer na TVS kijiweni, MotoGP, yale mashindano makubwa ya dunia ya pikipiki, huyakosi, na ndoto yako ni kufanya kazi kwenye timu ya mashindano Ulaya. Umesema pia kuna wakala anataka umpe mamilioni akupeleke Italia, uingie kwenye timu moja kwa moja. Mimi ni Mtanzania, naishi Ujerumani. Kazi yangu ya kila siku ni gereji ya pikipiki, na msimu wa mashindano ukianza nafanya kazi na timu binafsi inayokimbiza pikipiki kwenye ligi ya hapa, IDM. Nitakueleza ninachokijua kwa mikono yangu.

Nianze na huyo wakala. Usimpe hata shilingi. Timu za mashindano haziajiri fundi zisiyemjua, na wala hazimtafuti kupitia wakala wa Morogoro au Dar. Mwaka 2023 Brad Binder, kijana wa Afrika Kusini anayekimbia MotoGP, alifika kasi ya kilomita 366.1 kwa saa pale uwanja wa Mugello, Italia. Jiulize nani alifunga tairi la mbele la pikipiki ile, na mkuu wake alimjua kwa muda gani kabla ya kumruhusu alifunge. Kazi hii inatolewa kwa kuaminiana. Mtu anakuona unafagia, anakuona unaosha, anakuona unarudisha spana mahali pake, halafu siku moja anakupa gurudumu. Hakuna karatasi ya wakala inayoruka hatua hizo.

Sasa kazi yenyewe, maana vijana wengi wananiandikia wakidhani ni kufungua injini. Ukweli ni kwamba kwenye madaraja ya juu fundi wa timu haigusi injini kwa ndani. Tangu 2019 timu zote za Moto2, daraja lililo chini ya MotoGP, zinatumia injini moja ya Triumph ya cc 765 yenye silinda tatu. Inakuja imefungwa lakiri, na kampuni iliyopewa kazi hiyo kule Aragón, Hispania, ndiyo inayoifungua na kuihudumia. Fundi wa timu anaipokea, anaifunga kwenye fremu, anaitoa. Ustadi wako wa kubadilisha pistoni na ringi chini ya mwembe ni mkubwa na usiudharau, ila hautakuwa kitu cha kwanza watakachokipima.

Wanachopima ni usafi, kumbukumbu na nidhamu ya mkono. Pikipiki ikirudi kutoka uwanjani inavuliwa kava zote na kuoshwa, na huko kuosha ndiko kukagua. Ukipitisha kitambaa kwenye fremu unatafuta ufa. Ukigusa bomba la breki unatafuta sehemu iliyosuguliwa. Kila kifaa kina kilomita zake zilizoandikwa: cheni imekimbia ngapi, pedi zimebaki milimita ngapi, klachi ilibadilishwa lini. Sisi nyumbani tumezoea kukaza kwa hisia ya mkono, na kwa bodaboda mara nyingi inatosha. Huku kitabu kikisema ekseli ya gurudumu ikazwe kwa Nm 100 (kipimo cha nguvu ya kukaza), inakazwa kwa spana ya torki hadi 100, unapiga alama ya rangi juu ya nati, na mwenzako anapita nyuma yako kuhakiki.

Kuna kitu kidogo ambacho ukikijua kabla hujafika kitakupa heshima: waya wa usalama. Bolti ya kumwagia oili, kifuniko cha oili, bolti za kaliba za breki, hizi zote hutobolewa tundu dogo kichwani na kupitishwa waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, unaosokotwa na kufungwa mahali pengine imara. Siri iko kwenye upande wa kuuvuta. Lazima waya uvute bolti kuelekea upande wa kukaza, ili bolti ikitaka kulegea kwa mtikisiko, waya uizuie. Ukivuta upande wa pili umefunga pambo tu, na mkaguzi wa mashindano atakurudisha hapohapo. Nunua waya na koleo lake, chukua bolti mbovu za gereji, fanya mazoezi jioni. Nakuhakikishia hili ndilo jambo la kwanza nililopewa kufanya peke yangu.

Njia niliyopita mimi ni Ausbildung, mafunzo ya ufundi ya Kijerumani ambayo sehemu yake ni darasani na sehemu kubwa gerejini. Taaluma yenyewe inaitwa Zweiradmechatroniker. Unapochagua, chagua tawi la pikipiki za injini, maana kuna tawi la baiskeli pia. Inachukua miaka mitatu na nusu. Siku kadhaa unakwenda chuo cha ufundi, siku nyingine uko kwa mwajiri wako, na mwajiri anakulipa posho kila mwezi. Mwaka 2025 kima cha chini cha kisheria kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kilikuwa euro 682 kwa mwezi. Kodi ya chumba inakula sehemu kubwa ya hiyo, kwa hiyo usije ukidhani utatuma pesa nyumbani mwaka wa kwanza. Waambie wazazi mapema, ili wasije wakakuhesabia kitu ambacho huna.

Mlango wa yote hayo ni lugha. Kwa visa ya mafunzo haya, kwa kawaida utatakiwa uwe na Kijerumani cha kiwango cha B1, yaani cha kati. Goethe-Institut ipo Dar na ipo Nairobi, wanafundisha na kutahini. Ukiwa na cheti, unaandika maombi mwenyewe kwa gereji na maduka ya pikipiki ya Ujerumani. Mwenye gereji akikukubali mnasaini mkataba wa mafunzo, na mkataba huo ndio unaopeleka ubalozini. Hebu linganisha: pesa anayoitaka wakala wako ingelipia masomo ya lugha, na lugha ni yako hata visa ikikataliwa. Mimi niliandika barua nyingi sana na nyingi hazikujibiwa. Aliyenijibu alikuwa mzee mwenye duka dogo katika mji ambao sikuwahi kuusikia, aliyependa kwamba niliambatanisha picha za kazi zangu za kijiweni: injini iliyofunguliwa, vifaa vimepangwa kwenye kanga safi kwa mpangilio wa kutoka kwake.

Mashindano yalikuja baadaye, na yalikuja kwa kwenda mwenyewe. Ujerumani kuna viwanja kama Oschersleben, Sachsenring, Nürburgring, Hockenheim, na ule wa barabarani wa Schleiz ambao historia yake inaanzia 1923. Wikiendi za mashindano ya klabu na siku za mazoezi huria, padoki, lile eneo la timu kando ya uwanja, imejaa watu wa kawaida wenye gari la mizigo, hema na pikipiki moja. Wengi hawana fundi. Nilianza kwa kumfuata mteja wetu mmoja wa gereji, nikimshikia standi, nikimvalisha pikipiki blanketi za kupasha tairi, nikipima upepo kila akirudi. Chakula na sehemu ya kulala kwenye gari vilikuwa juu yake, mshahara haukuwepo. Kwenye padoki nyingi nilikuwa Mwafrika peke yangu. Siku za kwanza watu wanakutazama, na wapo walioniuliza kama nimepotea. Baada ya raundi chache walikuwa wanakuja kuazima spana kwangu.

Kilichonipandisha ni Jumapili moja Oschersleben. Wakati huo nilikuwa msaidizi tu kwenye timu, kazi yangu tairi na petroli. Dereva wetu alianguka kwenye mazoezi ya asubuhi. Pikipiki ilirudishwa juu ya gari la uokoaji, upande wa kulia umelika, changarawe imejaa kwenye mapezi ya rejeta, na kile kishikizo cha mbele kinachobeba kava na saa kimekatika vipande viwili. Cha akiba hakikuwepo. Mafundi wawili wakaanza na usukani, pedali na rejeta. Mimi nikachukua kipande cha bamba la alumini, nikakipima juu ya kile kilichovunjika, nikakata kwa msumeno wa mkono, nikakunja kwenye jiliwa, nikatoboa, nikalainisha kingo kwa tupa. Hapa ndipo kijiwe cha bodaboda kilipozungumza, maana sisi tumezaliwa kwenye kazi ya kutengeneza kitu ambacho duka halina. Fundi mkuu alikishika, akakitikisa kwa nguvu zake zote, akakipiga alama ya rangi bila kusema neno.

Lakini angalia kilichofuata, kwa sababu ndicho muhimu kuliko kile kibamba. Pikipiki iliyoanguka hairudi uwanjani mpaka ikaguliwe upya. Kabla ya kuipeleka tulizungusha usukani hadi mwisho pande zote kuona vidole havibanwi kwenye tangi. Tulizungusha mkono wa mafuta na kuuachia kuona unarudi wenyewe. Tulitazama kama ncha ya mviringo ya wenzo wa breki bado ipo, kama diski imenyooka, na kama kava la chini ni zima, maana lile ndilo linalozuia oili isimwagike barabarani injini ikipasuka na kuwaangusha wa nyuma. Ubunifu wetu unaruhusiwa kwenye kishikizo cha kava. Kwenye breki, usukani na magurudumu hauruhusiwi kabisa, na fundi asiyejua mpaka huo ulipo hakai padoki. Dereva alianza mbio nyuma kabisa na akamaliza. Raundi iliyofuata nilipewa gurudumu la nyuma.

Kuhusu pesa, nikwambie wazi. Kwenye klabu hulipwi. Kwenye ligi za taifa, timu nyingi binafsi hulipa kwa siku pamoja na usafiri na chakula, na mafundi wengi wana kazi nyingine katikati ya wiki, kama mimi. Wanaoishi kwa mashindano peke yake ni wa dunia ya juu, MotoGP na Superbike ya dunia, na wao maisha yao ni masanduku na viwanja vya ndege. Mwaka 2025 kalenda ya MotoGP ilikuwa na raundi 22, kuanzia Thailand hadi Valencia. Ukiwa na mke na mtoto mdogo, fikiri vizuri hapo. Mimi nimefikiri, na kwa sasa nimebaki na IDM pamoja na mbio za saa 24.

Hizo mbio za saa 24 nakushauri uziangalie kwa jicho la pekee. Zipo mbili kule Ufaransa: Le Mans inafanyika kila Aprili, na Bol d'Or Septemba. Timu binafsi zinahitaji mikono mingi: wa tairi, wa petroli aliyevaa nguo zisizoshika moto, wa kuhesabu muda, wa kupika. Mgeni anayefanya kazi kwa bidii usiku kucha bila kulalamika anakumbukwa. Watu wengi niliofahamiana nao kwenye kazi hii nilikutana nao saa tisa usiku, sote tumekaa sakafuni nyuma ya piti, pale pikipiki inapohudumiwa, tukisubiri pikipiki irudi.

Nchi nyingine kwa ufupi. Hispania ndiko padoki ya dunia inakotoka kwa sehemu kubwa, pamoja na Italia. Barcelona kuna shule ya Monlau inayofundisha ufundi wa mashindano, ila unalipa mwenyewe na unasoma kwa Kihispania. Hata ukija Ujerumani, jifunze Kihispania kidogo kidogo, kwani Mswahili hapati shida na matamshi yake. Uingereza ina ligi nzuri sana ya Superbike, lakini Julai 2025 walibana masharti ya visa za kazi, kiwango cha elimu na cha mshahara vyote vikapanda, na ufundi wa pikipiki umekuwa mgumu kupita hapo. Marekani kuna chuo cha ufundi wa pikipiki cha MMI, nacho ni cha kulipia. Na popote utakapokwenda, usiingie kwa visa ya matembezi ukaanza kushika spana. Kwa nchi za Schengen una siku 90 ndani ya kila siku 180 na hazikupi ruhusa ya kazi. Ukikamatwa, mlango unaoutaka ndio unafungwa.

Wakati unasoma lugha usikae bure. Kenya na Uganda kuna motokrosi (mbio za pikipiki kwenye udongo) ya uhakika, uwanja wa Jamhuri pale Nairobi na wa Garuga karibu na Entebbe, na waendeshaji wake wadogo kwa wakubwa wanahitaji watu wa kuwaoshea na kuwafungia pikipiki. Panda basi uende wikiendi moja, jitolee, piga picha, omba barua ya mtu uliyemsaidia. Barua ya namna hiyo kwenye maombi ya Ujerumani ina uzito, kwa sababu inaonyesha ulianza kabla hujaitwa.

Umeuliza pia kama miaka 24 imechelewa. Haijachelewa, darasani kwangu kulikuwa na mtu wa miaka thelathini na kitu na alifaulu vizuri. Nitumie ujumbe wa faragha ukishafanya mtihani wa A1, ule wa kwanza wa Kijerumani, nitakusaidia kupitia barua yako ya maombi kabla hujaituma. Na picha za kazi zako anza kupiga leo, kwenye mwanga wa asubuhi, vifaa vimesafishwa.