Barua kwa Mwanangu: Ile Saa Uliyokuwa Ukiitia Ufunguo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako, ambaye yu buheri wa afya na anakukumbusha kwamba hujampigia simu tangu wiki iliyopita. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu. Unasema kuna mfanyabiashara wa saa aliye tayari kuichukua ile Rolex Explorer uliyojinunulia ulipohitimu, akupe badala yake saa tatu nzuri za kuanzia mkusanyiko, nawe unaniuliza, kwa kuwa nimeishi pande zote mbili, kama mtu anayezipenda saa kwa dhati abaki na moja anayoithamini au awe nazo nyingi. Umeongeza kwamba unataka jibu fupi. Jibu fupi sina, mwanangu, na haya nitakayokueleza huenda yasiwe hasa yale uliyouliza, kwa sababu tangu niisome barua yako nimekuwa nikiifikiria asubuhi moja tu, na asubuhi hiyo wewe ulikuwepo.

Unaikumbuka Omega yangu, ile Speedmaster yenye uso mweusi na visaa vitatu vidogo ndani yake, na mchubuko karibu na namba mbili ulioingia siku tulipohamisha kabati la bibi yako. Haikuwa na betri, wala haikujijaza yenyewe kwa mtikiso wa mkono. Iliishi kwa kutiwa ufunguo, na ikijazwa mpaka mwisho ilikwenda takribani siku mbili, gurudumu lake likipiga mapigo 6 kwa kila sekunde, yaani 21,600 kwa saa. Kazi ya kuijaza ulijitwalia mwenyewe ulipokuwa na miaka saba, na sikumbuki kwamba niliwahi kukupa ruhusa. Ulikuwa ukija kabla ya kuvaa viatu vya shule, unaishika kwa mkono wa kushoto, kisha kwa kidole gumba na cha shahada unakizungusha kile kifundo cha ubavuni polepole, ncha ya ulimi ikiwa nje. Nilikufundisha kwamba kidole kikihisi saa inakataa, hapo uache, kwa maana springi imefika mwisho. Ulijua kuacha vizuri kuliko mimi. Halafu uliiweka sikioni, ukasubiri mlio wa redio wa saa moja kamili, ukaandika katika daftari lako imekwenda mbele sekunde ngapi.

Nilikusimulia pia habari ya Apollo 13, nawe ukanitaka niirudie kila usiku kwa muda wa mwezi mzima: jinsi chombo kilivyoharibika mwezi Aprili 1970 kikiwa safarini kwenda Mwezini, jinsi wanaanga walivyozima karibu kila kitu ili kuokoa umeme, na jinsi Jack Swigert alivyotumia saa ya aina hiyo hiyo ya baba yako kupima sekunde 14 za kuwasha injini ili wairekebishe njia ya kurudi duniani. Ulikuwa ukiutazama mshale na kuhesabu kwa sauti mpaka 14, kisha unapumua kana kwamba wewe ndiye uliyewarudisha nyumbani.

Saa hiyo niliiuza. Unajua kwamba niliiuza, lakini sijawahi kukueleza sababu, na sababu yenyewe inafanana mno na pendekezo la huyo mfanyabiashara wako kiasi kwamba nilipolisoma niliiweka barua chini. Nilikuwa nimeanza kusoma habari za saa, na kadiri nilivyosoma ndivyo saa moja ilivyoonekana kuwa haba. Niliona kuwa mtu anayeifahamu saa moja ni kama mtu anayeufahamu mlango mmoja wa nyumba kubwa. Akatokea mtu aliyeitaka Omega, nami kwa thamani yake nikapata nne, na nilirudi nyumbani usiku huo nikiwa na furaha ambayo sitaikana, kwa kuwa nilifurahi kweli. Ulikuwa umelala. Sikukuambia kitu.

Asubuhi ulikuja kama kawaida na kuunyosha mkono. Nikakupa moja ya zile mpya, Seiko ya wapiga mbizi, nzito, yenye fremu ya kuzunguka, nikidhani utaipenda kwa kuwa inang'aa gizani. Ukakishika kifundo, ukazungusha. Ile ilikuwa na mtambo unaojijaza kwa mtikiso wa mkono tu, na kifundo chake hakiijazi saa hata ukikizungusha kutwa nzima. Ulizungusha, ukazungusha tena, ukisubiri kidole kihisi kukataa, kisha ukaniambia, "Baba, hii haishiki." Nikakueleza kwa ufasaha mkubwa namna kipande kizito kilichomo ndani kinavyozunguka mkono unapotembea, na kwamba saa hii haihitaji mtu wa kuitia ufunguo. Uliisikiliza hotuba yote. Ukanirudishia saa kwa mikono miwili, ukaenda kuvaa viatu. Hukulia, wala hukuniuliza ile nyingine iko wapi, na hilo la kutoniuliza ndilo lililonikaa moyoni miaka yote hii.

Nimekwambia mara nyingi, na mama yako ameshachoka kulisikia, kwamba saa ni ya yule anayeihudumia, hata kama aliyeilipia ni mwingine. Sasa unajua nililitoa wapi neno hilo. Ile Omega niliinunua mimi, lakini nilipoiuza niliuza mali ya mtu aliyekuwa amelala.

Hata hivyo sitaki uisome barua hii kama hukumu dhidi ya wanaokusanya saa, maana nitakuwa nimekudanganya. Zile nne zilifika kumi na moja, nawe ulikua ukiziona katika lile sanduku la mbao lenye kitambaa cha kijani, na nyingi kati ya jioni nzuri za maisha yangu zilipita mbele ya sanduku hilo. Ile Reverso ya Jaeger-LeCoultre, ambayo ilibuniwa mwaka 1931 kwa ajili ya wachezaji wa polo ili kioo kisivunjwe na mpira, ilinifunza mambo ambayo Omega isingeweza kunifunza. Niliposukuma uso wake pembeni, ukateleza, ukapinduka na kufungika kwa mlio mdogo mkavu, nilikuwa nashika mkononi namna nzima ya kufikiri ya mtu aliyekaa chini akatatua tatizo lake bila kelele. Usiku nilikuwa nazipanga mbili mezani, moja ya zamani inayopiga mara 5 kwa sekunde na moja ya siku hizi inayopiga mara 8, nikazima taa nikazisikiliza. Ya kwanza ilikwenda kama mtu anayetembea, ya pili kama mvua juu ya jani. Aliye na saa moja hawezi kulisikia hilo, kwa kuwa hana cha kuilinganisha nacho. Ninapoyakumbuka haya najiuliza kama kilichoniuma kilikuwa kukusanya, au kilikuwa kuuza, na mara nyingine naona nilivichanganya vitu viwili visivyohusiana.

Lakini kumi na moja ni kumi na moja. Mafuta yaliyomo ndani ya saa huwa mazito na kukauka baada ya miaka kadhaa, na fundi akitaka kila moja ifike mezani kwake takribani kila baada ya miaka mitano, basi mwenye kumi na moja ana mbili kila mwaka za kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa mafuta upya, na mwaka wa tano ana tatu. Mimi sikufanya hivyo. Niliwapa huduma wale niliowapenda mwezi ule, wengine wakasubiri. Unaona nimeandika "wale", kana kwamba ni watu. Niache hivyo hivyo, maana ndivyo nilivyowaona. Ile ya dhahabu niliiharibu mwenyewe, kwa kuisogeza tarehe kwa kifundo yapata saa nne usiku. Fundi alikuwa amenionya kwamba katika saa nyingi za aina ile, kati ya saa tatu na saa tisa usiku meno ya gurudumu la tarehe huwa yameshashikana tayari kwa kugeuza siku, na ukilazimisha huvunjika. Nililijua onyo hilo kuhusu saa ile hasa. Nilisahau ni ipi kati ya zile kumi na moja. Mtu mwenye saa moja hasahau.

Halafu kuna habari ya Sir David Lionel Salomons, Mwingereza aliyefariki mwaka 1925, ambayo siku hizi hainitoki. Alikusanya saa nyingi za fundi Abraham-Louis Breguet, na miongoni mwake ilikuwamo ile namba 160 iliyoagizwa mwaka 1783 kwa ajili ya malkia Marie Antoinette wa Ufaransa na kukamilika mwaka 1827, miaka 34 baada ya malkia kuuawa na minne baada ya Breguet mwenyewe kufariki. Saa hiyo na nyingine zilimfikia binti yake Vera, na hatimaye zikawekwa katika jumba la makumbusho aliloanzisha Jerusalem. Mwaka 1983 mwizi aliingia usiku akaondoka na saa zaidi ya 100. Hiyo namba 160 haikurudi mpaka mwaka 2007. Watu husimulia kisa hiki kwa ajili ya wizi, lakini mimi huwaza ile miaka 24, saa ambayo mafundi waliihangaikia kwa zaidi ya miaka 40, imefichwa mahali, springi imelegea, hakuna anayeisikiliza. Nami nilikuwa na saa sita katika hali hiyo hiyo, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, wala hakuna mwizi aliyenilazimisha. Narudia neno langu lile lile: saa ni ya yule anayeihudumia.

Nikifika hapo najiona nimeshakujibu, kisha namkumbuka mjomba wako. Yeye alikuwa na saa moja tu maishani, ile ya dhahabu nyembamba, na hakuna aliyeithamini saa yake kuliko yeye. Aliithamini hivi kwamba hakuivaa. Aliogopa jasho, vumbi, watoto, na milango. Aliitoa kwenye harusi mbili, ya dada yako na ile nyingine, na alipoifungua kwa ajili ya harusi ya tatu ilikataa kwenda, na fundi aliyeifungua alimwambia kwamba mafuta yamegeuka kuwa gundi. Saa yake ilikuwa moja, na ilikuwa peke yake kuliko yoyote kati ya zangu kumi na moja. Kwa hiyo hesabu ya moja au nyingi, mwanangu, inanitoka mikononi kila ninapodhani nimeishika, na sasa nashuku kwamba si hesabu niliyopaswa kuifanya tangu mwanzo.

Ningependa sana kukuambia usiiuze hiyo Explorer. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili katika karatasi nyingine na mara mbili nimeichana, kwa sababu najua kwamba anayeiandika ni mtu anayeililia saa yake mwenyewe, na wewe hupaswi kulipa deni langu. Wewe ni mtu mzima, na mkono ni wako. Niruhusu tu nikuulize mambo mawili kabla hujakutana tena na huyo mfanyabiashara. Je, yupo mtu mwingine nyumbani kwako anayeishika saa hiyo, anayekuvua mkononi, anayeiweka sikioni? Na je, hizo tatu unazozitaka, kila moja unaitaka kwa ajili yake yenyewe, au unaitaka kwa kuwa ni ya tatu? Majibu yake usiniandikie mimi. Yafikirie ukiwa umeivaa.

Pamoja na barua hii nimeweka daftari lako. Nililikuta chini ya kile kitambaa cha kijani nilipokuwa nikilitoa vumbi sanduku, na mama yako anaapa kwamba hakuliweka yeye. Mwandiko wa penseli umefifia lakini unasomeka: mbele 7, mbele 6, mbele 9, kisha siku moja umeandika "baba amesahau kuivua, ameoga nayo", na siku iliyofuata mbele 7 tena, umeipigia mstari kwa furaha. Mistari inakoma katikati ya ukurasa wa kumi na mbili. Kurasa zilizobaki hazijaandikwa kitu, na nimezihesabu, ni 28.

Baba yako akupendaye.