Pikapu ya mwani: anzia chini ya gari

SWALI: Assalamu alaykum. Nimenunua Toyota Hilux ya mkono wa pili, injini ya dizeli aina ya 5L, kilomita zake sizijui kwa hakika. Nabeba mwani kutoka pwani ya Micheweni kupeleka Wete, na msimu wa karafuu ukiwadia nitabeba karafuu. Injini inavuta vizuri. Niitunze vipi inidumu? – Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam. Injini hiyo ikichoka hufanyiwa ovahali. Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ikioza, gari imekwisha, na mzigo wako ndio unaoiozesha. Mwani mbichi humwaga maji ya bahari kwenye nyufa za bodi, yakaingia ndani ya chesisi, ambayo ni boksi lenye uwazi ndani. Hata mwani mkavu una chumvi, na chumvi hunyonya unyevu wa hewani.

Siku uliyobeba mwani, gari isilale na chumvi. Chomeka mpira wa maji ya mfereji kwenye matundu ya chesisi, uache mpaka maji yatoke safi upande wa pili. Vitundu vya chini vya kutolea maji vikizibwa na mchanga, vizibue kwa waya. Kisha pita na nyundo ndogo, hasa juu ya ekseli ya nyuma na kwenye vishikio vya springi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na maganda yakadondoka. Hapo hapo tazama paipu za breki. Zikiwa zimevimba kutu, badilisha paipu nzima, usiunge. Ikipasuka na mzigo mgongoni, pedali inazama.

Tafadhali usikimbilie kupaka lami. Lami juu ya kutu hufungia chumvi ndani, chuma kikaendelea kuliwa bila wewe kuona. Sugua kwa brashi ya waya, osha, anika juani siku nzima, piga praima, ndio upake.

Adui wa pili ni maji ndani ya dizeli. Pampu ya injini hii hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hivyo maji yakifika huko huitia kutu, na nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini nazo. Chini ya filta ya dizeli mna kikombe kinachokusanya maji. Weka kikopo, legeza parafujo ya chini, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka itoke dizeli tupu, kisha kaza kwa vidole tu. Fanya hivyo kila mwezi, na kila ukitia dizeli ya madumu. Usiku tangi lilale limejaa, kwani unyevu wa hewa iliyomo ndani hugeuka matone.

Kwa kuwa kilomita huzijui, badilisha mkanda wa taimingi, unaoendesha vali kwa mpangilio na pistoni, sasa hivi, pamoja na beringi inayoukaza na sili za oili za mbele. Muda wake ni kilomita 100,000. Taa ya T-BELT, ile ya dashibodi inayokumbusha kubadilisha mkanda huo, isikutulize: huweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Mkanda ukikatika, vali hugonga pistoni.

Oili ni 15W-40 ya dizeli, na filta yake, kila kilomita 5,000. Ikiwa nyeusi mapema usishtuke, ni masizi. Rejeta usiitie maji ya kisima. Tia kulanti (dawa ya rejeta) nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ya betri, si asidi.

SWALI: Pikapu yangu ya dizeli hutoa moshi mweupe asubuhi. Ni gasketi ya silinda hedi? – Msomaji, Makunduchi

JIBU: Ukiisha baada ya dakika chache na maji ya rejeta hayapungui, kagua kwanza plagi za kupashia moto na nozeli. Ukiendelea hata injini ikiwa moto, na maji yanapungua, usiiendeshe tena. Fundi apime gasketi na ufa wa silinda hedi.