Kabla Hujawazimia Runinga, Uliza Kamera Ilikuwa Wapi

Kwenye kikoba chetu hapa Sakina, Arusha, hesabu zikishafungwa, mazungumzo hayakawii kufika kwa watoto na vipindi vyao vya rialiti, vile vinavyodai kuonyesha maisha halisi ya watu. Tuwafanyeje? Mmoja wetu ameficha rimoti. Mwingine hakulipia king'amuzi mwezi mzima, watoto wakahamia kwenye simu, bando likawa linakata kabla ya Jumatano. Wananiuliza mimi kwa sababu naishi na watoto wa kaka yangu, binti wa kidato cha nne na kaka yake aliyemaliza shule, na riziki yangu inatokana na kupiga na kuediti video za harusi, sendofu na vipaimara. Vipindi hivyo navitazama kama mtu aliyezoea kukaa jikoni, si mezani.

Kwanza, usipoteze pumzi kuwaambia "huo wote ni uongo." Wanajua. Nilimsikia binti akimjibu mama jirani kwa adabu zote: "Mama, tunajua wanatafuta kiki. Sasa?" Na kweli, sasa? Ukishatamka neno uongo umefunga mjadala, na wao wataendelea kutazama, safari hii bila wewe. Wasichokijua ni namna uongo wenyewe unavyotengenezwa. Hapo mtu mzima ana la kusema.

Kaa nao, kisha uliza swali moja: kamera ilikuwa wapi?

Anza na tukio la kugonga mlango, maana halikosekani. Jamaa kaachwa, anakuja usiku bila taarifa kuomba msamaha. Tunamwona nje, mgongoni, anagonga. Papo hapo tunamwona dada yuko ndani, anashtuka. Simamisha hapo. Mwenye kamera ya ndani aliingia saa ngapi, na nani alimfungulia? Taa zilizoing'arisha sebule namna ile saa nne usiku amezifunga nani? Na huyu mgeni wa ghafla mbona ana maiki kifuani? Mara ya kwanza nilipouliza hivyo, kijana alicheka mpaka akashuka kwenye kochi. Siku hizi wananishinda. Juzi binti ndiye aliyeiona glasi: watu wanagombana mezani, juisi ya embe iko nusu, mara imejaa, mara imebaki kidogo chini, na dada wa watu bado yuko kwenye sentensi ileile. Sentensi hiyo hakuisema hivyo. Imeungwa vipande vipande.

Wasipoelewa, waonyeshe kwa mkono. Nilikuwa na video ya harusi moja, na kwenye klipu fulani mama mzaa bwana harusi amekunja uso kwa sababu upepo umemgeuzia moshi wa mkaa, ndafu wakiwa wanamaliziwa nje ya ukumbi. Hakuna kingine. Nikaichukua klipu hiyo, nikaibandika mara baada ya shangazi wa bibi harusi kusema, "Tumewapa binti yetu aliyesoma." Nikaweka na kinanda cha chini chini. Basi! Familia mbili zenye uhasama mkubwa zikazaliwa kwenye laptopu yangu, wakati mama wa watu alikuwa anawashwa macho tu. Watoto walitazama, nikaifuta. Binti akauliza, "Kwa hiyo shangazi, unaweza kumfanya mtu yeyote aonekane mbaya?" Ndiyo. Ukiwa na saa nyingi za picha na unatakiwa kutoa saa moja, unaweza.

Saa nyingi na saa moja ndiyo siri ya biashara yenyewe. Wakubwa wenzangu mnakumbuka Big Brother Africa, shindano la watu waliofungiwa nyumba moja yenye kamera, lililoanza 2003: chaneli ilirusha nyumba ile usiku na mchana, lakini wengi wetu tulitazama muhtasari wa jioni, tukawachukia watu kwa ajili ya dakika tulizochaguliwa. Marekani walifika mahali wakalikiri jambo hilo hadharani. Sehemu ya mwisho ya kipindi cha rialiti cha The Hills, mwaka 2010, kijana anamtazama binti akiondoka na gari, nyuma yake vilima vya Hollywood. Ghafla vile vilima vinaburutwa pembeni. Lilikuwa pazia la picha, nao walikuwa ndani ya eneo la studio. Huko huko, miaka ya 1950, washiriki wa shindano la maswali lililoitwa Twenty-One walikuwa wakipewa majibu mapema, skandali ikafika hadi bungeni, na mwaka 1960 ikapitishwa sheria inayokataza kuchakachua mashindano ya aina hiyo. Ikalinda shindano. Ugomvi wa marafiki kwenye kochi haukuwa shindano, kwa hiyo huo waliachiwa waupike watakavyo.

Mbona basi vijana hawabanduki, hata wakijua? Nimewasikiliza sana na nina maoni yangu. Kinachowavuta ni kupata ruhusa ya kuhukumu watu wazima. Nyumbani hawezi kusema baba mdogo amemkosea mkewe; kwenye runinga anasema, tena kwa sauti. Na maswali ambayo hawawezi kuniletea moja kwa moja wanayapitisha kwa wale watu. Binti aliniuliza siku moja, macho kwenye skrini, "Hivi mwanaume akitaka kupekua simu yako kila siku, anakupenda au?" Hapo mzazi mwenye haraka angedakia: nani anapekua simu yako? Usidakie. Mjibu kuhusu yule dada wa kwenye kipindi. Nilisema kwamba yule jamaa hatafuti upendo kwenye ile simu, anatafuta kosa, na siku asipolipata ataanza kulitengeneza. Akanyamaza. Wiki iliyofuata akalirudisha mwenyewe, bila kipindi chochote. Kama ningekuwa nimeficha rimoti, hayo yote yasingekuwapo.

Siko laini kila mahali, lakini. Pale tabia za kipindi zinapohamia kwenye simu zao, nakuwa mkali. Machalii fulani, rafiki zake kijana wetu, walirekodi fumanizi la kutunga nje ya duka moja kule Kijenge. Walioigiza walikuwa wamepangwa, isipokuwa msichana mmoja, ambaye hakuambiwa. Alilia kweli, na kilio chake ndicho kilichosambaa. Ikawa akipanda kifodi, daladala zetu za hapa, watu wanamnong'ona. Nilimwita kijana, nikamwambia ukweli wake: wale wa kwenye runinga walisaini na wakalipwa, huyu hamkumwomba hata ruhusa. Video ikafutwa, ingawa iliyokwisha sambaa haikusanyiki. Kama una sheria moja tu ya kuweka nyumbani, weka hii: asirekodiwe mtu asiyejua.

Tatizo jingine ni kwa wenye ndoto za kuingia huko. Hapa Arusha huwezi kuwakataza ukaeleweka, kwa sababu Idris Sultan, mzaliwa wa hapa hapa, aliibuka mshindi wa Big Brother mwaka 2014 na kuondoka na dola 300,000. Kijana wetu anaitaja hela hiyo kama vile imeshapitia mfukoni mwake. Simkatishi tamaa. Namwambia ajue anakokwenda. Kwenye American Idol, shindano la kuimba la Marekani, waimbaji wabovu tuliokuwa tunawacheka mbele ya majaji walikuwa wameshapita mchujo wa watayarishaji; walipelekwa mbele makusudi ili wachekwe. Na kucheka huko kuna gharama. Uingereza, mwaka 2019, kituo cha ITV cha huko kilikifuta moja kwa moja The Jeremy Kyle Show, kipindi cha watu kuanika ugomvi wao mbele ya watazamaji, baada ya mgeni wa kipindi kufariki siku chache tangu arekodiwe, na kuanzia 2021 vituo vya huko vikawekewa kanuni za kuwaangalia washiriki wao.

Kwa hiyo mkataba ukija, hasa ukiwa kwa Kiingereza kitupu, usiguswe na kalamu kabla mwanasheria, au angalau mtu anayeijua lugha hiyo vizuri, hajausoma. Waulize watayarishaji: maneno yangu yanaweza kukatwa na kuungwa kwingine? Picha nitakazopigwa ni mali ya nani, na kwa muda gani? Nikizidiwa nikataka kutoka, nadaiwa? Kuna mtu wa kuzungumza naye kipindi kikiisha? Nikitolewa wiki ya kwanza, nauli ya basi kutoka Dar hadi Arusha ni juu ya nani?

Kijana amekubali kuuliza yote isipokuwa la nauli, anasema linamtia aibu. Hilo nitauliza mimi.