Maswali ya masumbwi: Ngumi iliyokosa ncha za vidole

SWALI: Msumeno wa karakana ulinikata ncha za vidole vitatu vya mkono wa kulia mwaka juzi. Kidonda kimeshapona. Kocha anasema niendelee na ngumi, eti kuna bondia wa Wales mwenye mkono kama wangu aliyetwaa ubingwa wa dunia. Ni kweli, au ananipa moyo tu? Na bandeji nifunge vipi? (Msomaji, Mikindani, Mtwara)

JIBU: Kocha wako hakudanganyi. Huyo ni Howard Winstone, mzaliwa wa Merthyr Tydfil, 1939. Alikatwa ncha za vidole na mashine akiwa kijana, kwenye kiwanda cha vitu vya kuchezea watoto. Hata hivyo mwaka 1958 alichukua dhahabu ya uzito wa bantamu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Cardiff, na mwaka uliofuata akaingia ngumi za kulipwa chini ya meneja wake, Eddie Thomas.

Mkono wa kulia ulipopungua nguvu, alihamia kwenye jebu, ile ngumi ya kushoto ya kudonoa, akaizidisha kasi. Alishinda mapambano 61 kati ya 67, mengi kwa pointi. Aliyemsumbua ni Vicente Saldivar wa Mexico, bondia mashoto. Mashoto hukomeshwa kwanza kwa ngumi ya kulia iliyonyooka, na hapo, kwa maoni yetu, ndipo vile vidole vilipomgharimu. Saldivar alimpiga mara tatu: London 1965, Cardiff Juni 1967, na Mexico City Oktoba 1967, pambano lililokatishwa raundi ya 12. Saldivar akastaafu, mkanda wake wa dunia ukabaki wazi. Januari 23, 1968 Winstone akamshinda Mitsunori Seki wa Japani raundi ya 9, akavaa mkanda wa dunia wa WBC (Baraza la Ngumi Duniani) uzito wa unyoya. Julai mwaka huohuo José Legrá akamvua, jicho likiwa limevimba.

Sasa mkono wako. Ngumi hukazwa na ncha za vidole zinazoingia kiganjani, na dole gumba likizifunga kwa nje. Zikikosekana, ndani hubaki uwazi. Ukipiga begi, mifupa ya kiganja inacheza na inaweza kuvunjika, hasa upande wa kidole kidogo. Tumia bandeji ya meta 4.5. Tanua vidole unapofunga. Ukifunga ngumi ikiwa imekunjwa, bandeji italegea ukifungua mkono. Anzia dole gumba, zungusha kifundo cha mkono mara tatu, kisha vifundo vya vidole mara tatu, pitisha katikati ya vidole, malizia kifundoni. Mazoezini shika kipande cha bandeji kilichoviringwa kuziba ule uwazi. Siku ya pambano usikiweke bila ruhusa ya msimamizi. Wengine watakiona ni hila. Vidole vikifa ganzi, umekaza mno: fungua uanze upya. Na ncha za vidole zikiuma ndani ya glovu, muone daktari kabla ya kurudi kwenye begi.

SWALI: Nina kilo 60, pambano ni wiki ijayo. Nishuke uzito wa unyoya kama Winstone? (Msomaji, Nachingwea, Lindi)

JIBU: Hapana. Unyoya mwisho wake ni kilo 57.15. Karibu kilo 3 kwa wiki, tena kwa joto la huko, utazitoa kwa kukausha maji mwilini, na raundi ya pili miguu itagoma. Uzito mwepesi unafika kilo 61.23, pigana huko, ule na ushibe.